Halwa Katika Mkoba wa Kuzamia

Wakati wa likizo ya kiangazi, nyumba ya Bibi Shukriya mjini Ibra huamka mapema. Bibi hukaanga mandazi, Yaqeen hupanga vikombe, na binamu yake Hud hutoka kununua maziwa kabla lami haijaanza kuunguza nyayo. Lakini wiki ile chai ilikuwa hainyweki kwa raha. Shangazi Tahira alikuwa amekuja kutoka Nizwa, anakofundisha kuogelea, na kila asubuhi aliugeuza mkeka wa chai kuwa bahari.

"Kikombe hiki ni mashua," alisema. "Sahani hii ni mwamba. Yaqeen, umefika chini, baridi imekushika. Unafanya nini?"

"Nampa Hud ishara, tunapanda pamoja polepole," Yaqeen alijibu huku akitazama dari. "Shangazi, jana ulituuliza hayo hayo. Na juzi."

"Na kesho nitauliza tena. Hud, nani anakagua vifaa vyako?"

"Yaqeen. Na mimi nakagua vyake."

"Uff!" Yaqeen aliitwaa ile sahani akala mwamba wote, mandazi mawili kwa mpigo. Hud alicheka mpaka chai ikampalia. Shangazi hakucheka.

Yaqeen alikuwa na miaka kumi na mitatu, Hud kumi na miwili. Mwaka mzima, kila alipokuja Ibra, Shangazi alikuwa akiwafundisha kuzamia kwa mitungi ya hewa katika bwawa la kuogelea. Sasa wangeshuka baharini kwa mara ya kwanza, huko Sur. Yaqeen aliisubiri siku hiyo kuliko Idi. Safari yenyewe ilikuwa fupi: waende Alhamisi, wazamie Ijumaa, warudi Jumamosi, kwa kuwa Jumapili Shangazi alitakiwa kazini.

Hud ndiye aliyepewa kazi ya kupanga mkoba wa kuzamia. Mbali na vifaa vingine, alitia fulana nene za mpira na kofia za mpira zinazofunika masikio, zake na za Yaqeen. Alizikunja vizuri, akafunga zipu.

Alhamisi asubuhi Bibi alitokea jikoni na makopo ya halwa, tende na visheti.

"Bibi, gari limejaa!" Yaqeen alilalamika.

"Limejaa nini? Sur tuna jamaa nyumba tatu. Mtaingia kwa watu mikono mitupu, waseme Shukriya hakulea? Tafuta nafasi, mwanangu."

Yaqeen aliufungua mkoba wa kuzamia. Nje jua lilikuwa linachoma kama pasi. Alizitazama zile kofia nzito, akaguna. Kofia ya mpira, mwezi wa Julai, Oman! Nani atasikia baridi? Alizitoa kofia na fulana zote nne, akazisukuma chini ya kitanda, kisha akaipakia halwa.

"Mkoba una kila kitu?" Shangazi aliuliza kutoka garini.

"Una kila kitu!" Yaqeen alijibu.

Huko Sur, jamaa hawakuwaachia nafasi. Nyumba ya kwanza kahawa, nyumba ya pili kahawa na matunda, nyumba ya tatu sinia la wali. Shangazi alitaka kwenda kuonana na mwenye mashua, lakini kila alipoinuka, Bi Dalal, mwenye nyumba ya tatu, alimvuta mkono.

"Kaa, Tahira! Hamjala kitu nyinyi."

"Wallahi tumeshiba, Bi Dalal."

"Umeshiba nini, mwembamba kama sindano!"

Yaqeen mwenyewe ndiye aliyetoa makopo mkobani katika kila nyumba. Hakuna mwingine aliyeufungua.

Ijumaa asubuhi walikuwa ndani ya mashua ya Thuwaini, mtu mzima mwenye sauti nzito aliyeijua bahari ile vizuri. Hud alitia mguu majini.

"Yana joto kama chai!"

"Hapo juu," Thuwaini alisema. "Upepo wa kusini umevuma siku hizi. Unasukuma maji ya juu, na ya chini yanapanda na baridi yake."

Shangazi aliifunga saa yake ya kuzamia kwenye kamba, akaishusha hadi chini, kisha akaivuta. Saa hiyo huweka kumbukumbu ya joto la chini kabisa ilikofika. Aliwaonyesha: digrii kumi na tisa.

"Haya. Fulana na kofia."

Alifungua mkoba, akapekua mara moja, mara mbili. Akaupindua. Yakaanguka mapezi ya miguuni, glavu na chembe za visheti.

"Hud! Ziko wapi?"

"Nilizitia, Shangazi. Wallahi nilizitia!"

"Zimeota miguu? Mwezi uliopita ulisahau viatu vyako mwenyewe bwawani! Nimewapangia wiki nzima, mpaka mkeka wa mama yangu nimeufanya bahari, na wewe kazi moja tu imekushinda!"

Hud aliinama kuokota mapezi na glavu. Yaqeen aliitazama sakafu ya mashua.

Thuwaini alipekua sandukuni, akatoa kofia na fulana ya binti yake. Seti moja tu.

"Basi Hud atabaki," Shangazi alisema. "Yaqeen atashuka na mimi."

Yaqeen aliivaa fulana ile na kofia, vikamkaa sawasawa, akabeba mtungi mgongoni. Bahari ilikuwa hapo chini, ikimsubiri. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Hud aliinuka, akafuta macho kwa kiwiko, akaja mbele yake. Aliufungua mtungi wa Yaqeen, akasikiliza hewa. Akavuta mikanda yote, mmoja baada ya mwingine, akaukaza uliolegea.

"Ulikuwa umelegea huu," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa sawa."

Yaqeen aliutazama mkanda ule. Alivua kofia.

"Ni mimi, Shangazi. Nilizitoa nipate pa kutia halwa. Ziko chini ya kitanda."

Hud aliinua kichwa.

"Ya Rabbi!" Shangazi alijishika kichwa. "Halwa! Na nilipokuuliza ukaniambia mkoba una kila kitu! Ukakaa kimya nikimfokea mwenzio!" Alimgeukia Hud. "Nisamehe, baba. Nimekukosea mbele ya watu." Akampa kofia. "Vaa. Utashuka wewe."

Yaqeen alibaki na Thuwaini, akiyafuata mapovu kwa macho. Machozi yalimtoka, lakini macho hakuyabandua. Hud alipopanda, midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Nimemwona kasa! Mkubwa kama meza!" alipiga kelele. "Na baridi, Yaqeen! Bila hii kofia ningelia!"

Jumamosi alfajiri Shangazi aliwapeleka kwenye hori, ghuba ndogo iliyokingwa dhidi ya upepo, penye maji ya kina kifupi. Aliishusha saa tena: maji yalikuwa na joto hadi kwenye mchanga. Hapo suti zao za kawaida za kuzamia zingetosha.

"Hud," aliuliza, "utakubali kushuka na huyu?"

Hud alijikuna kidevu kama kadhi, akamweka Yaqeen roho juu.

"Nitashuka naye. Lakini namkagua mara mbili."

"Hata mara kumi," Yaqeen alisema.

Walishuka pamoja, Shangazi akiwafuata kwa karibu, wakaona samaki wadogo wa manjano wakicheza kwenye mawe. Yaqeen alipotoka majini alikuwa anacheka. Kisha akamwona Shangazi ameketi peke yake mchangani, akaenda kukaa karibu naye.

"Shangazi, bado umekasirika?"

"Bado. Hasira itaisha kabla hatujafika Ibra, usiogope." Shangazi alimfunika taulo mabegani. "Lakini nisikilize, mwanangu. Baridi ya bahari nimeipima kwa saa. Neno lako sina saa ya kulipimia. Ukisema kitu kipo, mwenzio anashuka nalo hilo neno. Kama hakipo, sema hakipo, hata ukichekwa, hata safari ikivunjika. Safari hupangwa tena. Pumzi ya mwenzio haipangwi tena."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na jana ulisema kweli wakati kunyamaza kungekupa ulichokitaka. Hilo nalo nimeliona." Akasimama, akakung'uta mchanga. "Haya, inukeni. Bi Dalal amepika, na sitaki kuvutwa mkono peke yangu."