Mlango Uliosuguliwa

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Bibi alifagia ua na mjukuu wake alipangusa vumbi kwenye mlango mkubwa wa nakshi. Nyumba yao ilikuwa kongwe, na wageni walitoka mbali kuja kuitazama. Msichana huyo, ambaye wote walimwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, ndiye aliyewatembeza. Akiwa peke yake vyumbani, alifumba macho akawasikia watu wa zamani wakinong'ona, wakivuta viti, wakicheka kwa mbali.

Siku moja mgeni alipiga miayo mbele ya mlango. Kasuku aliona aibu, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Ukilisugua ua hili lililochongwa hapa katikati, huku umefumba macho, utapata unachokitamani."

Mgeni alisugua, akatabasamu. Habari zikasambaa. Wageni wakaongezeka, Bibi akafurahi, na Kasuku akawa anatembea kama anaelea.

Kisha asubuhi moja, alipokuwa akipangusa ua lile, kitambaa chake kilinasa. Petali moja ilikuwa imekatika, na zilizobaki zimelika kama kipande cha sabuni.

Mjomba wake, seremala, aliitwa kuja kuutazama mlango. "Nani kawaambia washikeshike hapa? Wakiendelea hivi, itabidi tuung'oe tuufungie stoo."

Kasuku aliangua kilio. "Ni mimi, Mjomba. Niliwadanganya."

"Basi wageni hao hapo nje," Bibi alisema. "Nenda ukawaambie mwenyewe."

Kasuku alifuta machozi, akatoka. "Samahanini. Ua hili halitimizi ndoto ya mtu. Nilitunga tu. Naomba msiliguse tena, linakwisha."

Mama mmoja alicheka taratibu. "Sasa habari yake ya kweli ni ipi?"

Kasuku alimgeukia Bibi, aliyekuwa amemfuata. Hakuwahi kuuliza.

"Mlango huu aliuchonga babu yangu," Bibi alisema. "Oneni pembeni, jani hili ni nusu. Alikuwa analichonga wakati mama yangu anazaliwa. Akatupa patasi, akakimbilia ndani. Hakulimalizia tena, kwa makusudi."

Wageni waliinama kulitazama, mikono nyuma.

Walipoondoka, Mjomba alifunga kamba mbele ya mlango. Bibi alimshika Kasuku begani.

"Wageni ni riziki yetu, mjukuu wangu, nami nawapenda. Lakini wakiumaliza mlango, kesho watakuja kutazama nini? Utamu wa nyumba hii ni ukweli wake. Usipoujua, niulize. Bado nipo."