Ripoti ya Uwanda wa Rwamuru

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyangi alichota ndoo mbili za maji. Moja ilikuwa ya kupikia, nyingine ya bibi yake kunawia na kunyweshea kuku. Kijito alichochotea kilishuka kutoka kilima cha Rwamuru, upande wa barabara ya Butiama, na hakikuwahi kukauka hata mwezi wa nane. Watu wa kijijini hawakujiuliza kwa nini. Maji yalikuwapo, wakachota.

Rwamuru hakina kilele kilichochongoka. Pembeni kina miamba mikubwa, na juu kiko bapa kama kimekatwa kwa panga. Huko juu ni uwanda mpana wa nyasi, wenye upepo na baridi, usio na nyumba wala shamba. Kuufikia ni mwendo wa saa nzima kwenye mawe yanayoteleza. Ndiyo maana watoto wengi walikijua kilima chao kwa kukitazama tu.

Nyangi alikuwa darasa la sita na alijulikana kwa mambo mawili. Hakuna aliyemshinda kwa mwandiko mzuri, na hakuna aliyemshinda kwa kusahihisha watu. Aliyesahihishwa zaidi ni bibi yake, Hyasinta, aliyekaa naye wakati mama yake akiuza samaki Musoma mjini. Kama wazee wengi wa pale, Bibi Hyasinta alijifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani, na herufi r na l zilimchanganya.

"Nyangi, niletee mchere kwenye kalai."

"Mchele, Bibi. Kwenye karai."

"Ndiyo hiyo hiyo. Kwani huo mchere umekataa kuiva?"

Mvua za Machi zilipoanza, Mzee Leonardi, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji, alifika shuleni. Kijiji kilikuwa kimepata miche mia sita ya mikaratusi kutoka Bunda.

"Mkaratusi unakunywa maji sana," aliwaambia wanafunzi. "Kwa hiyo nataka mahali pakavu, pasipo na kitu cha kuharibu. Wajumbe wangu magoti yamekwisha. Nyie mna miguu. Nendeni mkatuangalizie kuna nini kule, kuna wanyama gani, na zamani watu walikuwaga wanapatumiaje."

Mwalimu Stellah akagawa kazi. Nyangi na rafiki yake Rhobi walipewa uwanda wa juu.

Jumamosi wakapanda. Walipofika nusu ya njia, manyunyu yakaanza. Rhobi akateleza na kuchubuka goti. Nyangi akatazama juu, akaona nyasi za ukingoni zikipeperushwa na upepo.

"Kule ni nyasi tu," alisema. "Si tunaziona hapa hapa? Historia atatupa Bibi."

"Na wanyama?"

"Kama wangekuwapo tungewasikia."

Rhobi hakuridhika, lakini goti lilimuuma. Wakashuka.

Bibi Hyasinta alikuwa akipepeta ulezi. Alijibu bila kuinua macho.

"Rwamuru? Pale juu palikuwaga pa kula. Kiangazi chote wazee walikuwaga pale, kwenye yale mawe yao, mpaka mvua zirudi."

Nyangi akachekelea moyoni. Bibi na l zake! Hakuuliza nani alikula, wala alikula nini. Alichukua kalamu, akamsahihisha bibi yake kama kawaida, akaandika: "Uwanda wa Rwamuru ni mahali pa kihistoria pa kura. Kila kiangazi wazee walikaa juu ya mawe na kupiga kura kuhusu mambo ya kijiji. Ni pakavu na pana nyasi fupi. Hakuna maji. Hakuna wanyama." Chini yake akachora sanduku la kura, lenye kufuli.

Ripoti ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, ambako Bibi na wazee wa rika lake hawakufika. Watu walipiga makofi. Mzee Leonardi alisema mtoto huyo ameandika kama afisa, na hapo hapo kamati ikaamua kwamba miche yote mia sita ipandwe juu, Jumamosi inayofuata. Nyangi alifurahi sana. Rhobi alitazama viatu vyake.

Ijumaa mchana, Mwalimu Stellah aliwarudishia wanafunzi ripoti ili wazazi wazisikie na kuziwekea sahihi. Nyangi alimsomea bibi yake kwa sauti ya redio. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kura ya nini tena? Mimi nilisema kula!" Akakusanya vidole na kuvipeleka mdomoni. "Kula! Hivi! Ng'ombe kula! Kiangazi huku chini nyasi zote zimekufa, kule juu ni kijani. Wazee walikuwaga wanalala na ng'ombe kwenye maboma ya mawe, wanawapa maji palepale. Yale maji si ndiyo yanakuja kutokea huku kwenye kijito?"

Kisha akaacha kucheka. Alikuwa amekumbuka kilichoandikwa mwishoni.

"Umeandika hakuna maji. Mlipofika, hamkukanyaga tope?"

Nyangi aliikunja ripoti. Kesho asubuhi watu wangepanda na majembe, na miche mia sita ingeanza kunywa maji ya kijiji kizima. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua kwamba hawakufika, isipokuwa Rhobi, na Rhobi asingesema. Aliliwaza hilo kwa muda, na aliona aibu kwa kuliwaza.

"Bibi, hatukufika," alisema.

Bibi Hyasinta alimtazama bila kumgombeza. "Basi bado kuna jua," alisema. "Nenda."

Nyangi alimpitia Rhobi, wakapanda wakihema. Ukingoni, juu ya miamba, pimbi saba waliokuwa wakiota jua walitoweka kwenye nyufa. Mbele yao uwanda ulifunguka. Pembeni yalikuwapo maboma ya mawe ya duara, mengine yamebomoka, yamefika usawa wa kiuno. Katikati nyasi zilikuwa ndefu na nzito. Rhobi alipiga hatua mbili na mguu ukazama mpaka kwenye kifundo, katika udongo mweusi kama masizi. Vyura walilia kila upande. Mbele kidogo, korongo wawili wenye taji la manyoya ya dhahabu walisimama imara wakiwakodolea macho, na kati ya miguu yao kulikuwa na kifaranga kimoja, hakijui hata kutembea vizuri.

Wasichana hao wawili hawakusogea tena. Nyangi aliona uzuri wa mahali pale na papo hapo akaona alichokifanya, na machozi yakamtoka.

Walishuka moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mwalimu Stellah. Nyangi alisema yote bila kuficha. Mwalimu aliitazama miguu yao yenye tope.

"Kesho utamwambia Mwenyekiti mwenyewe," alisema. "Mimi nitasimama karibu."

Jumamosi watu walikusanyika chini ya kilima na majembe yao. Vijana walikuwa wameshapandisha miche mia mbili hadi ukingoni mwa uwanda tangu alfajiri. Nyangi alimsalimia Mzee Leonardi, akamweleza kwa sauti ndogo. Akaambiwa aseme kwa nguvu, wote wasikie. Akasema kwa nguvu.

"Juzi uliandika pakavu," Mzee Leonardi alisema. "Leo unasema pana maji. Sasa mimi nimwamini Nyangi yupi, wa juzi au wa leo?"

Watu wakacheka. Kilichomuuma Nyangi kuliko kicheko ni kwamba safari hii alikuwa anasema kweli, na neno lake halikuwa na uzito.

"Twende tukaone," alisema Mwalimu Stellah.

Mzee Leonardi alipanda na magoti yake mabovu, akipumzika kila baada ya hatua ishirini na kulalamika katika kila pumziko. Juu, alikwenda moja kwa moja kwenye nyasi ndefu. Alichukua jembe, akapiga mara nne, akatoa udongo. Wote wakainama. Shimo lilianza kujaa maji kutoka chini, polepole, mpaka likafurika.

"Shusheni miche," alisema.

Iliteremshwa yote. Siku ile mikaratusi ilipandwa upande mwingine kabisa wa kilima, kwenye changarawe kavu, ambapo hata mbuzi hawapapendi. Nyangi na Rhobi walibeba miche kuanzia asubuhi hadi alasiri, na hakuna aliyewaambia wapumzike.

Kazi ilipoisha, Mwalimu Stellah aliwaita kando.

"Ungeniletea ukurasa mtupu, ukaniambia, Mwalimu, hatukufika, ningekukasirikia siku moja tu, yakaisha," alimwambia Nyangi. "Ulichoniletea kimekaribia kukausha kijito cha watu wote. Ulichokiona, andika umekiona. Ulichoambiwa, andika umeambiwa, na umtaje aliyekuambia, kwa maneno yake, siyo yako. Usichokijua, acha nafasi. Na wewe Rhobi, ulijua ukanyamaza. Usidhani wewe umepona."

"Samahani, Mwalimu," walisema.

"Samahani nimeipokea. Sasa nataka ripoti."

Waliiandika upya kwa juma zima, wakipanda mara tatu zaidi. Walihesabu maboma kumi na manne. Walipima upana wa tope kwa hatua. Habari za ng'ombe wa kiangazi waliziandika chini ya jina la Bibi Hyasinta, na Nyangi alimsomea bibi yake kila sentensi kabla ya kuendelea. Palipotakiwa kuandikwa ni nani aliyejenga maboma yale, waliacha mistari mitatu mitupu.

Kwenye mkutano uliofuata, Nyangi alisimama kuisoma. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Mara ya kwanza hatukufika, tukadanganya."

Mzee Leonardi alisikiliza mpaka mwisho. Aliichukua ile ripoti, akaitazama mistari mitatu mitupu, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa koti.

"Hii naiamini," alisema.