Jagi la Mama Pearline

Kila asubuhi Renita Gadsden alipika uji wa mahindi kwa namna ile ile. Alikoroga polepole, akatia siagi, akamwekea bibi yake mezani, kisha akaketi kimya. Kwa kukaa kimya alikuwa fundi. Pale Cane Bluff, kijiji kidogo cha watu weusi pwani ya Georgia, watu walisema Renita akikanyagwa kidole, yeye ndiye huomba radhi.

Bibi Ozella hakuwa hivyo. Alikuwa na miaka themanini na minane, na alizungumza hata na chakula.

"Wewe uji, leo umejitahidi," aliuambia. "Renita, zimebaki siku ngapi?"

"Saba, Bibi."

"Saba! Mungu aniachie magoti haya siku saba tu. Baadaye akiyataka, ayachukue."

Walikuwa wakingoja Juni Kumi na Tisa, sikukuu ya kukumbuka siku ambayo habari ya uhuru iliwafikia watumwa waliofichwa habari hiyo. Mwaka huu haingefanyiwa ukumbini. Ingefanyiwa makaburini, huko ng'ambo ya kanisa, ili waliolala pale watajwe kwa majina.

Bibi Ozella alitaka jambo moja tu. Alitaka kusimama miguuni pa kaburi la mama yake, Pearline. Mama huyo alikufa Ozella akiwa na miaka minane. Hakuwekewa jiwe, kwa sababu jiwe halikuwezekana. Ozella alipokuwa msichana alikwenda Savannah kufanya kazi za watu. Aliporudi alikuwa mzee, na njia ya makaburini ilikuwa imemezwa na vichaka.

"Nitalijua nikifika," alisema. "Lina alama yake."

Renita alitaka kuuliza, alama gani? Lakini shangazi yake Vernell alikuwa amekwisha piga honi nje, na Renita akatoka bila kuuliza.

*

Shangazi Vernell alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kusafisha makaburi kabla ya sikukuu. Alifika makaburini na mapanga, matoroli, na watu kumi na watano. Visubi viliwauma masikioni. Vichaka vilianguka. Kufikia saa nne, makaburi yakaanza kuonekana.

"Yesu wangu!" Vernell alishika kiuno. "Hebu tazameni. Watu wamegeuza mahali hapa jalala!"

Kweli, vitu vilikuwa vingi. Sahani zilizopasuka. Vikombe visivyo na mikono. Saa ya mezani iliyosimama. Taa ya mafuta. Makombe ya chaza, meupe, yamepangwa mstari.

Renita aliinua sahani moja. Ilikuwa imezama ardhini kama jino kwenye fizi. Ilikuwa na tundu katikati, tundu la duara. Ya pili nayo ilikuwa na tundu. Ya tatu pia. Akafikiri, takataka hazitoboki mahali pamoja.

"Shangazi," alisema.

"Nini?"

Watu kumi na watano wakamtazama. Uso ukamwaka moto.

"Hamna kitu," alisema, akaitia sahani kwenye toroli.

Kufikia saa sita, vitu vyote vilikuwa kwenye pikapu ya Tookie, fundi bomba wa kijiji, tayari kupelekwa dampo. Kitu kimoja tu hakikupanda pikapu. Kilikuwa jagi jeupe lenye ua la samawati. Mkono wake ulikuwa umevunjika na kitako kimetobolewa. Renita aliliona zuri. Akasema moyoni, nitalipandia maua. Akaenda nalo nyumbani.

Bibi Ozella alikuwa akimenya bamia. Aliinua macho. Kisu kikamponyoka.

"Umelitoa wapi hilo jagi?"

"Makaburini, Bibi. Lilikuwa limetupwa."

"Halikutupwa." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo, na Renita hakuwahi kuisikia ikiwa ndogo. "Nililiweka mimi. Kwa mikono hii. Mama alinywea maji humo siku yake ya mwisho. Baba alilitoboa kitako kwa msumari, ili mnyororo wa kifo ukatike, kisimfuate mwingine nyumbani. Nikaliweka juu yake."

Renita alisimama kama mti.

"Na vingine?" aliuliza bibi. "Sahani? Saa? Makombe?"

"Vyote, Bibi. Viko kwenye gari la Tookie. Anavipeleka dampo."

"Sasa umesimama unangoja nini, mtoto wewe? Mbio!"

Renita alikimbia. Alikata njia uani kwa watu, akaruka mtaro, kiatu kimoja kikabaki humo. Aliiona pikapu ikiingia barabara kuu. Akasimama katikati ya njia, akainua mikono, akafungua kinywa. Sauti iliyotoka hata yeye ilimshtua.

"TOOKIE! SIMAMA! SIMAMA HAPO HAPO!"

Breki zililia. Tookie alitoa kichwa dirishani, macho yamemtoka.

"Renita? Ni wewe uliyepiga kelele? Nilidhani king'ora cha zimamoto!"

"Geuza gari. Hizo si takataka. Hayo ni makaburi."

*

Jirani yao, Denesha Polite, alifanya kazi ya kutafuta na kuandikisha makaburi ya zamani. Siku hiyo alikuwa kaunti nyingine. Alirudi saa tisa na buti zake za matope, akakuta pikapu imeegeshwa makaburini na watu wameizunguka kama msiba mpya.

Shangazi Vernell alikuwa ameketi juu ya ndoo. Kando yake palikuwa na chupa ya dawa ya klorini na brashi ya waya.

"Nisute tu," alisema. "Nimewavunjia wazee wetu nyumba."

"Sina muda wa kukusuta, Shangazi. Hizo ni za nini?"

"Za kung'arisha mawe machache yaliyopo."

"Umeshaanza?"

"Bado."

"Afadhali! Klorini hula jiwe kidogo kidogo. Leo linang'aa, miaka michache baadaye linamenyeka, jina linapotea. Jiwe la kaburi huoshwa kwa maji matupu na brashi laini, kama unamwogesha mtoto. Jiwe likitikisika au likimeguka, usiliguse kabisa."

Vernell akaisukuma ile brashi ya waya kwa kisigino, mbali naye.

Denesha alipanda kwenye pikapu. Alitazama vitu bila kuvigusa.

"Kuna mtu alipiga picha kabla ya kuvitoa?"

Vernell alitikisa kichwa.

"Aliyechora ramani?"

"Hakuna," alisema Tookie.

"Ndiyo kosa letu kila mahali," alisema. "Tunapenda wazee wetu, tunaingia na panga. Kabla ya kung'oa hata jani, piga picha. Chora mahali palipo kila kitu. Waulize wakubwa. Watu wetu hawakuwa na uwezo wa mawe, basi waliandika kwa walichonacho. Sahani ni jina. Kombe ni jina. Hata ule mmea wenye majani kama visu, mlioukata pale, ulipandwa na mtu."

"Basi yamepotea," alisema Renita.

Denesha alishuka kwenye pikapu, akachuchumaa. Alitenga majani kwa vidole.

"Njoo uone."

Ardhini palikuwa na kishimo cha duara, laini, chenye vimizizi vyeupe pembeni. Hakikuwa kirefu kuliko kina cha sahani.

"Kitu kikikaa miaka themanini, kinaacha umbo lake," alisema Denesha. "Udongo bado unakumbuka. Tutarudisha kila kitu kwenye kishimo chake. Lakini utabiri unasema kesho saa tisa mvua kubwa. Nina turubai tatu tu. Mvua ikinyesha hapa, udongo utasahau."

Tookie alitazama pikapu, kisha makaburi. "Vitu vingapi?"

"Hamsini na vitatu, pamoja na jagi," alisema Renita.

Wote wakageuka.

"Nilivihesabu nikivipakia," alisema. Safari hii uso haukuwaka sana.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mchungaji alihubiri dakika kumi na moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Watu walitoka kanisani na nguo zao nzuri, kofia pana na viatu vya kung'aa, wakaenda moja kwa moja makaburini.

Denesha aliwapa bendera ndogo za manjano. "Ukiona kishimo, chomeka bendera kando yake. Usichimbe. Usipige kwato kama farasi. Ardhi ikibonyea kama kitanda, jua kuna mtu."

Mwanzoni walinong'ona. Kisha mtu mmoja akaweka kikombe kwenye kishimo, kikaingia na kutulia. Watu wakapiga vigelegele kama timu yao imefunga bao.

"Hii saa yangu mimi!" alipaza sauti mama mmoja. "Ya mjomba Rufus! Ilisimamishwa saa aliyokufa!"

"Lete hiyo taa! Hapana, nyingine! Wewe Tookie, hujui taa na birika?"

"Mimi fundi bomba, dada. Nipe bomba."

"Shikilia kofia yako, mama mchungaji, inafukuza ndege!"

Renita alikuwa na daftari. Kila kitu kilipopata mahali pake, alipiga picha, akaandika namba, akachora. Watu walimwita kutoka pande zote, "Renita! Huku! Andika!" Naye akajibu, "Subiri! Mmoja mmoja!" Shangazi Vernell alimsikia, akatikisa kichwa akicheka. "Nani huyu? Mrudisheni bubu wangu."

Saa nane mawingu yakawa meusi. Vitu hamsini na viwili vilikuwa vimepata mahali. Lilibaki jagi.

Na hapo palikuwa na shida. Vishimo vilivyobaki ni viwili, sawa kwa ukubwa, kimoja bila shaka cha kitu kilichopotea zamani. Kimoja kilikuwa karibu na uzio, kingine karibu na kisiki kikubwa. Jagi liliingia kote kuwili. Renita alijaribu tena na tena. Ni yeye aliyeling'oa, na hakukumbuka wapi.

Bibi Ozella aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Watu wakamzunguka.

"Bibi, ni pale?" Vernell alionyesha uzio. "Si ni pale?"

"Labda ni pale," alisema bibi.

"Au ni kule kwenye kisiki?"

"Labda ni kule." Macho yake yakajaa machozi. "Mnanichanganya."

Denesha akamshika Renita bega. "Ukimwuliza mzee 'ni pale?', atakujibu 'ndiyo' ili akufurahishe. Mwulize swali ambalo halina 'ndiyo' wala 'hapana'. Kisha nyamaza. Usimsaidie."

Kunyamaza! Hilo Renita aliliweza kuliko mtu yeyote wa Cane Bluff. Aliwaomba watu warudi nyuma. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Bibi, niambie juu ya siku ile."

Upepo wa mvua ulipita. Vernell alifungua kinywa, na Renita akainua kidole bila kumtazama. Vernell akakifunga.

"Nilivaa viatu vya dada yangu," Bibi Ozella alianza. "Vilinibana. Jua la alasiri liliniingia machoni. Watu waliimba, mimi niliona aibu kulia. Nikashika kile kimti."

Renita alibaki magotini, akingoja.

"Kimwerezi. Baba alikipanda asubuhi ile. Hakikunifikia kiunoni. Nilikikamata hivi, nikanusa mkono wangu baadaye. Ulinukia vizuri."

Tookie alikuwa amekwisha fika kwenye kisiki. Alikikwangua kwa ufunguo wa gari, akainama, akanusa.

"Mwerezi!" alipiga kelele. "Huu ni mwerezi! Ulikua, ukawa mkubwa, ukakatwa! Bibi, kimti chako ni hiki!"

Makaburi yalilipuka kwa shangwe. Renita aliliweka jagi kwenye kishimo cha kando ya kisiki, akalizungusha kidogo. Likatulia. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia shingoni.

*

Juni Kumi na Tisa jua lilirudi. Palikuwa na wali mwekundu, kaa, samaki wa kukaanga, na vinywaji vyekundu kwenye mabeseni ya barafu. Ngoma zililia. Majina yalisomwa, na kila jina watu walipaza sauti, "Yupo!"

Alasiri, Bibi Ozella aliinuka kitini. Renita alimshika mkono mmoja, Vernell mwingine. Alitembea hatua tisa, akasimama miguuni pa mama yake.

"Jua linaniingia machoni," alisema. Akacheka huku machozi yakimtoka. "Ndiyo. Ni hapa hapa."

Baada ya chakula, Vernell aligonga sufuria kwa mwiko.

"Tulikuwa tukiitoa historia yetu Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, kama koti la baridi, kisha tunairudisha kabatini," alisema. "Matokeo yake tumesahau sahani za bibi zetu. Sasa basi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakuja hapa. Kaburi moja, hadithi moja. Mwenye ndugu atasimulia, Renita ataandika. Chagueni miezi!"

Watu wakasukumana kuchagua. Februari, mwezi mfupi, akapewa Tookie, kwa sababu ndiye mfupi kuliko wote.

"Na Julai?" aliuliza Vernell. "Nani anaanza?"

Mikono ilikuwa bado haijapanda, na sauti moja ikajibu kutoka kwenye kisiki cha mwerezi. Haikuwa kubwa, lakini ilifika hadi kwenye uzio.

"Mimi," alisema Renita. "Nitasimulia juu ya jagi."