Bibi Aione Taa ya Ndimu

Sogeeni karibu, watoto. Huyu hapa Raya, ameinamia meza. Ana ndimu tatu na taa moja ndogo, ndogo kama punje ya mahindi.

Kila ndimu imechomekwa msumari wa bati na kipande cha shaba. Nyaya zinatoka ndimu hadi ndimu, mpaka kwenye taa.

Jana shuleni taa iliwaka. Leo Raya anataka Bibi Mize aione. Bibi anahamia Tanga kwa mjomba, mbali sana, na gari limeshafika.

Raya alifunga waya wa mwisho. Akaangalia. Akangoja.

Kimya. Taa haikuwaka.

Akaleta ndimu nyingine, mbichi kabisa. Akaangalia. Akangoja.

Kimya. Taa haikuwaka.

Pii! Pii! Gari liliita nje.

Raya akakata tamaa. Machozi yakamtoka, to, to, to, juu ya meza. Bibi ataondoka, na hataiona.

Bibi aliingia na begi lake. "Unalia nini, mjukuu wangu?"

"Taa imekufa, Bibi. Na shaba nimeipaka mafuta ya nazi, ing'ae kwa ajili yako."

Bibi hupaka mafuta ya nazi kila anachokipenda. Nywele za Raya, viwiko vya Raya, hata bawaba za mlango. Raya naye alifanya vivyo hivyo.

Bibi aliikamulia shaba ndimu. Maji yakateleza, tereee, yakaanguka.

"Umeona? Mafuta yamejibandika," alisema Bibi. "Chembe zake ni ndogo, jicho halizioni. Zimeifunika shaba yote. Ndimu inataka kuigusa, haipati nafasi."

"Kumbe nimeiharibu mwenyewe," alisema Raya, akazidi kulia.

Bibi hakumbishia. Aliweka begi chini, akachota majivu jikoni.

Sugu, sugu, sugu. Raya alisugua, Bibi akasuuza.

Pii! Pii!

"Waache wapige honi," alisema Bibi.

Sugu, sugu, sugu. Raya akachomeka shaba ya mwisho. Wakaangalia. Wakangoja.

Kimya.

Kisha taa ikawaka. Nyekundu. Hafifu sana.

Bibi akaizungushia viganja, mwanga wa dirishani usiimeze. Wakachungulia pamoja, kichwa kwa kichwa.

"Nimeiona," alisema Bibi.

Raya alikuwa bado analia, lakini alikuwa anacheka pia. Nje honi ililia tena, na Bibi hakuinuka. Aliitazama ile taa mpaka akatosheka.