Kahawa ya Kutafuna

Duka la fotokopi karibu na soko la Bukoba lilijaa watu wanaojiandaa na usaili wa kazi siku Nuriat alipoingia, gauni la kitenge cha kijani, ushungi mweupe, akikuna kichwa juu ya karatasi ya maswali ya kulinganisha maneno. Kijana wa nyuma yake, shati la samawati limepigwa pasi sawasawa, hakungoja kuombwa.

"Anza na sentensi, dada. Daktari anafanya kazi hospitali. Mwalimu je?"

"Shuleni. Na wewe unafanya kazi ya kuchungulia karatasi za watu?"

"Za warembo tu."

Jamani, kijana huyo, Riyadhi, alikuwa na mdomo! Mwezi haukuisha wakawa wapenzi, wakikutana palepale kufanya maswali na wenzao. Jumamosi angekwenda Muleba kujitambulisha kwa wazazi wa Nuriat.

Alhamisi likaja swali: chai ni kunywa, nini ni kutafuna? Uji, kahawa au muwa?

"Kahawa," akajibu Nuriat bila kusita.

Riyadhi akaangua kicheko mbele ya watu. "Mpenzi, hayo ni mambo ya kijijini kwenu! Mtunga mtihani hayajui."

Kwenye mtihani Riyadhi alikuwa sahihi. Kwenye mapenzi alipata sifuri. Kwa kina Nuriat mgeni hupewa punje kavu za kahawa atafune, na hiyo ndiyo karibu yenyewe. Binti akakusanya karatasi zake akaondoka.

Jioni simu ikaita.

"Mama watoto, nisamehe."

"Watoto gani? Jumamosi usije. Siwezi kukuona unamcheka baba yangu." Akakata.

Riyadhi akaenda hivyohivyo, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi. Mzee Awadhi, baba wa Nuriat, akamkalisha sebuleni, lakini kahawa haikuja.

"Ataileta Nuriat mwenyewe, akitaka," mzee akasema.

Hapo majigambo yote yakamwisha kijana. Kisha Nuriat akatokea na kikapu kidogo, akasimama mbali.

"Nuriat, ziwa kwa samaki ni kama nani kwa Riyadhi?"

"Sentensi kwanza."

"Samaki hawezi kuishi nje ya ziwa."

"Endelea."

"Riyadhi hawezi kuishi bila Nuriat. Nilikosea kupacheka kwenu. Nataka pawe kwetu. Mbele ya baba yako, naomba nikuoe."

Mzee akajifanya anakohoa. Nuriat akasogea, akammiminia punje za kahawa kiganjani.

"Tafuna, mchumba," akasema.