Kiatu cha Kitanda cha Nane

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi viatu, mtu asiye na maneno mengi sembuse uongo. Kila Krismasi alivaa joho jekundu na ndevu za pamba zilizomwasha, akaingia wodi ya watoto kama Baba Krismasi. Desturi ya pale ilikuwa kila mtoto aweke kiatu kimoja chini ya kitanda, naye atie zawadi humo.

Mwaka huo moyo ulikataa. Bintiye alikuwa amefia wodini humo, kitanda cha nane, wakamzika na viatu alivyomshonea yeye mwenyewe.

"Twende tu, shemeji," alibembelezwa na mdogo wa mkewe, nesi wa wodi ile. "Wako saba. Cha nane hakina mtu."

Alikuwa ameinamia kitanda cha saba umeme ulipokatika. Nje mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, wodi ikawa giza alasiri ile. Ndipo akasikia mtu akitembea nyuma yake: ko, kisha kimya, kisha ko tena, kama aliyevaa kiatu mguu mmoja. Hatua zikaishia kitanda cha nane.

"Shemeji, ni wewe?" fundi akauliza.

"Mimi niko mlangoni."

Umeme uliporudi, kitanda kilikuwa kitupu, shuka limetandikwa vizuri. Chini yake palikuwa na kiatu kidogo kilichoshonwa kwa uzi wa buluu, ule aliotumia kumshonea bintiye siku uzi mweusi ulipomwishia.

Akapiga magoti, ndevu zimelowa machozi, akatia mkono ndani.

Kilikuwa bado kina joto la mguu.