Majina Yaliyokwanguliwa

Kwanza ilikuwa harufu ya mishumaa iliyozimwa, mchana kweupe, katika nyumba isiyowasha mshumaa kabla ya giza. Kisha ikaja sauti ya kukwangua mezani kwa Mwalimu Thirkell, na kitini hakuna mtu.

Mkewe, Sisley, akaendelea na kazi zake. Mumewe, mtu asiyejua hata kumenya yai, alikuwa akiandika sarufi ya Kiingereza, na wasomi wenzake walimcheka wakisema lugha yenye kanuni ni Kilatini, hiyo nyingine ni ya wauza samaki. Karatasi zilipomwishia, Sisley alimtafutia ngozi kuukuu za kuandikia, mabaki ya monasteri iliyovunjwa kwa amri ya mfalme. Zilijaa majina. Akayakwangua yote kwa kisu, akaona amemfaa mumewe.

Thirkell alihitaji mifano, akatumia watu wa mtaani. Aliandika: Hamond anaoka mkate. Hamond akafa Jumatatu. Akaandika: Mjane Avice anafuma. Avice akakutwa amelalia uzi wake, mwili umepoa. Mfano wa tatu aliuandika kwa mapenzi ya baba: Ursula anacheka. Ursula alikuwa binti yao wa pekee, na sasa alikuwa hoi kwa homa.

Sisley akamwita mzee Gervase, aliyekuwa mtawa wa monasteri ile. Aliishika ngozi, akaigeuza mwangani.

"Hiki ni kitabu cha marehemu, mama," alinong'ona. "Tuliyasoma majina yao humu kila asubuhi, tukawaombea. Nyie mmewafukuza, mkaweka walio hai."

"Basi nimfute mwanangu."

"Usithubutu. Ukimfuta, roho yake haina pa kukaa. Na hao marehemu wote wako nje, wanatafuta pa kuingia."

Sisley akamuuliza afanye nini basi. Gervase alisema waliojua dawa yake wameshakufa, akaondoka bila kugusa bia aliyomiminiwa.

Adhuhuri Ursula akaanza kukoroma kama anayekata roho, na Sisley, hofu imemjaa, akakamata kisu akakwangua, harufu ya mishumaa ikizidi, minong'ono ya Kilatini ikimpuliza shingoni, mumewe akimsihi aache naye hasikii, mpaka jina la mwanawe likatoweka, akaandika lake mwenyewe mahali pale.

Homa ikashuka. Mtoto akaketi, akaomba mkate. Sisley akalia kwa furaha. Kama ni kufa yeye, alikuwa radhi.

"Ursula," akaita. "Ursula wangu."

Mtoto alitafuna taratibu, akimtazama kana kwamba hamjui. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mtu mzee asiyejulikana, na nyuma yake nyingine zikisukumana.

"Huyo ametoka," ilisema. "Funga mlango, mama. Tuko wengi, na tumepigwa na baridi."